Siku Saba za Kumtafuta Mama Yake Babu

Siku ya kwanza, Alhamisi: Kengeleni

Nimeanzia mahali ambapo matatu za Kisauni hupita mchana kutwa bila abiria wengi kuinua macho: Kengeleni, kando ya barabara ya Nyali, ambapo kengele ya Frere Town ingali inaning'inia katika tao lake. Mtaa ulipewa jina kutokana na kengele hiyo, na kengele iliwekwa ili kuwaonya watu waliokuwa wameonja uhuru kwa muda mfupi tu kwamba waliowadai kuwa watumwa wao wanakuja. Church Missionary Society, shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, lilianzisha kijiji hiki mwaka 1875 upande wa bara, mkabala wa kisiwa cha Mombasa, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini, tarehe 5 Juni 1873, mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Jina la kijiji lilitokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kuudai mkataba huo. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi, baadhi ya waliookolewa waliteremshwa hapa: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengineo, wengi wao wakiwa watoto waliokumbuka sauti za mama zao lakini hawakuweza kueleza njia ya kurudi kwao.

Mama yake babu alikuwa mmoja wa watoto hao. Nyumbani tulilijua jambo hilo tangu udogoni, lakini hakuna aliyejua mwaka, wala jahazi, wala aliyempokea, na kila mazishi ya mzee yalipopita tulirudi nyumbani tukiwa tumepungukiwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Nimekwenda kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye sasa ana umri wa miaka 84. Nilipomwamkia na kumweleza nia yangu, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Marahaba, baba. Umechelewa, lakini umekuja," akaniagiza nivute chini ya kitanda mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba ya katani. Kabla ya kuufungua alinipa sharti moja, kwamba jina la bibi huyo na la ukoo wetu nisiliandike mahali ambapo watu tusiowajua watalisoma, nami nimeapa kulishika sharti hilo.

Ndani ya mkebe kulikuwa na Kitabu cha Sala kisicho na jalada la nyuma, cheti cha ndoa cha babu na nyanya, risiti chache za kodi, barua moja ya wakili kuhusu kiwanja, na kipande cha babu, yaani kitambulisho chake cha kazi cha enzi za ukoloni. Hicho cha mwisho nilikishika kwa muda mrefu. Ni karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya kijaluba cha chuma chenye tundu la kupitishia uzi, kwa sababu wanaume waliotakiwa kubeba kipande, chini ya sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikivaa shingoni. Alama ya kidole gumba cha babu ingali wazi kabisa, mistari yake ikizunguka kama pete za mti, ilhali jina lake limefifia hata likabidi kusomwa kwa kuinamisha karatasi dirishani. Kwenye kipande kabila lake limeandikwa Mnyasa. Kwenye cheti cha ndoa ameandikwa mtu wa Frere Town. Kwenye barua ya wakili ni Mswahili. Karatasi tatu za mtu mmoja, na kila karani alimwandika kwa namna aliyomwona yeye.

Cheti cha ndoa kilinihuzunisha zaidi. Miaka ya nyuma mmoja wetu, kwa nia njema, alikiunga kwa utepe wa gundi mahali palipochanika, na sasa gundi imegeuka rangi ya chai na kula wino, kiasi kwamba jina la shahidi wa pili halisomeki tena. Anayesoma haya akiwa na karatasi za wazee wake, namsihi asizibandike utepe, wala asizifunike kwa plastiki ya moto, kwa kuwa kinachofanywa hapo hakitenguliki. Nilitandaza shuka jeupe mezani karibu na dirisha, nikaweka rula kando ya kila karatasi ili ukubwa wake uonekane, nikapiga picha bila kuwasha taa ya simu, mbele na nyuma, hata pale nyuma palipokuwa patupu, kisha nikaandika daftarini kila kitu kilikuwa kimekaa wapi ndani ya mkebe. Mpangilio ambao nyanya aliuweka ni sehemu ya habari yenyewe, na tukishauvuruga hakuna wa kuturudishia.

Siku ya pili, Ijumaa: kitabu cha ubatizo

Asubuhi nimekwenda katika kanisa la mtaa wetu, ambako karani wa parokia, mwanamke mpole mwenye mikono ya mtu aliyezoea vitu vinavyobomoka, alinitolea kitabu cha zamani cha ubatizo kutoka katika kabati la chuma. Aliniomba nisilowanishe kidole kwa mate kufunulia kurasa, akaniachia mezani.

Kitabu kama hiki kina safu zake: namba, tarehe, jina la ubatizo, majina ya wazazi, makazi, na jina la kasisi aliyebatiza. Kwa watoto waliozaliwa kijijini safu zote zimejaa. Kwa walioteremshwa kutoka katika manowari, safu ya wazazi ina mstari mmoja mlalo, uliopigwa kwa rula. Nilisoma mistari hiyo ukurasa baada ya ukurasa, na sikuweza kuizoea. Mwandishi hakukusudia ubaya wowote, kwani hakuwa na la kuandika. Lakini kila mstari ule ulikuwa na mama na baba mahali fulani kando ya Ziwa Nyasa au ng'ambo ya Ruvuma, waliokuwa bado wakimngoja mtu.

Nilitafuta kwa jina la ukoo tunalolitumia leo, sikulipata. Nilitafuta kwa jina lake la Kikristo, nikapata wanawake tisa wenye jina hilo hilo, kwa sababu wamisionari walikuwa na majina machache ya wasichana na waliyarudia. Hakuna kilichonionyesha ni yupi kati ya tisa. Nilifunga kitabu saa nane mchana nikiwa nimevunjika moyo.

Niseme hapa kwa nini sikumwachia mtu yeyote karatasi halisi za mkebe. Miaka kadhaa iliyopita niliipelekea ofisi moja maombi ya nakala ya cheti cha kifo cha babu, nikaambatanisha karatasi ya pekee tuliyokuwa nayo. Faili halikuonekana, na karatasi yetu nayo haikurudi. Tangu siku hiyo natoa nakala tu.

Siku ya tatu, Jumamosi: Rabai

Kutoka Mombasa hadi Mazeras ni matatu ya barabara kuu ya Nairobi, na kutoka Mazeras unapanda kwa bodaboda kwenye vilima vya minazi mpaka Rabai. Huku ndiko wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikoanzisha kituo chao mwaka 1846, miaka miwili baada ya Krapf kumzika mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga kwenye ufuo wa bara. Nyumba zao zingalipo, na karibu yake kuna jumba dogo la makumbusho.

Sikuja kwa ajili ya wamisionari hao wawili, ingawa nawaheshimu kwa kazi yao ya lugha. Nimekuja kwa ajili ya watu waliofuata. Kuanzia mwaka 1864 walifika Rabai Waafrika waliokuwa wamekombolewa baharini, wakapelekwa India na kusomeshwa Sharanpur, karibu na Nasik, ndio waliokuja kuitwa Waafrika wa Bombay. Miongoni mwao walikuwa George David, Ishmael Semler na William Jones. Wao ndio waliofundisha, waliotafsiri, waliosuluhisha, na ndio waliowapokea watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, muda mrefu kabla ya Frere Town kuwapo. Jones alifuatana na Askofu Hannington kuelekea Uganda, na askofu alipouawa Busoga mnamo Oktoba 1885, ni Jones aliyeuongoza msafara uliobaki mpaka ukaingia tena Rabai mwaka uliofuata, wakiwa wameshika bendera iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Mara nyingi kisa hicho husimuliwa kama kisa cha askofu. Hapa kilimani, penye njia aliyoipanda akirudi, mimi nilikisikia kama kisa cha mtu aliyewarudisha wenzake nyumbani.

Mzee mmoja wa Rabai, ambaye babu zake walikuwa watoro, alinikalisha chini ya mkorosho na kunieleza habari za hati za uhuru. Kufikia mwaka 1888 watoro walikuwa wamejaa katika vituo vya misheni, na mabwana zao wa Mombasa na mashambani waliwadai kwa hasira, hata ikaonekana vituo vingeshambuliwa. George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliamua kuwalipa mabwana hao fidia, na tarehe 1 Januari 1889, hapa Rabai, watoro wakaitwa mmoja mmoja na kupewa hati. Katika vituo vyote walikuwa takriban 1,400. "Kwetu hati ilikuwapo," mzee alisema. "Nyanya aliiweka ndani ya mwanzi, mwanzi akauchomeka darini. Nyumba ilipoezekwa upya makuti ya zamani yalitupwa, na mwanzi ukaenda nayo."

Nilimuuliza kama naweza kumrekodi, akakubali kwa sharti kwamba mjukuu wake naye apate sauti hiyo. Nilimtumia mjukuu pale pale kabla sijaondoka. Nimejifunza kwamba ahadi ya kutuma baadaye ni deni ambalo wengi hatulilipi, na wazee wanalijua hilo ndiyo maana wengine hunyamaza.

Siku ya nne, Jumapili: njiani

Ibada ya asubuhi, kisha treni kutoka Miritini hadi Nairobi, safari ya zaidi kidogo ya saa tano. Baada ya Voi nililala.

Siku ya tano, Jumatatu: Makavazi

Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yaani hifadhi ya nyaraka za taifa, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, yamo katika jengo la zamani la Benki ya India kwenye barabara ya Moi, katikati ya vurugu zote za jiji. Chini kuna hazina ya sanaa aliyoikusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, na wageni wengi huishia hapo. Niliandikishwa kama mtafiti, nikaelekezwa kwenye chumba cha kusomea.

Anayekwenda mara ya kwanza na afahamu kwamba huulizii mtu, unaulizia faili. Nyaraka hazikupangwa kwa majina ya babu zetu, bali kwa ofisi zilizoziandika: mkoa, wilaya, mahakama, misheni. Kwa hiyo swali la kwanza si "babu yangu yuko wapi," bali "ni ofisi gani iliyokuwa na sababu ya kumwandika babu yangu, na mwaka gani?" Nilipolielewa hilo nilimshukuru moyoni yule karani wa kipande, kwa kuwa alama zake zilinionyesha mwajiri, na mwajiri akanionyesha wilaya.

Nilianza na kumbukumbu za mahakama za pwani. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na fidia ikalipwa kwa waliothibitisha kwamba wamepoteza watumwa. Fidia ililipwa kwa bwana. Nimeisoma habari hiyo vitabuni mara nyingi, lakini ni jambo jingine kabisa kuiona karatasi yenyewe, jina la mwenye mali likiwa kamili na la ukoo wake, na chini yake jina moja fupi la mtumwa, halina baba, halina mji, na mbele yake rupia. Baadhi ya majina hayo yalikuwa majina ya siku za juma au ya bahati, majina waliyopewa na wengine. Niliyanakili yote ingawa hayakuwa ya kwetu. Kuna mtu anayeyatafuta.

Siku ya sita, Jumanne: mistari miwili

Leo nimeomba kumbukumbu za misheni zilizohifadhiwa hapa, na pamoja nazo daftari la kituo. Madaftari ya namna hii yaliandikwa karibu kila siku na msimamizi: mvua, homa, bei ya mahindi, ugomvi wa mipaka ya mashamba, nani amefukuzwa, nani amefunga ndoa. Mwandiko unalala kama nyasi iliyokanyagwa, na saa nzima ya kwanza sikusoma ila tarehe. Kisha jicho likazoea.

Kabla ya saa sita nilifika kwenye habari ya watoto walioletwa na manowari katikati ya miaka ya 1880 na namna walivyogawanywa katika nyumba za kijiji. Wasichana wawili walipelekwa kwa mke wa mwalimu mmoja, Mwafrika wa Bombay. Mmoja alikuwa na jina la mama yake babu. Huo haukuwa ushahidi, maana tayari nilikuwa na tisa wa jina hilo. Lakini msichana wa pili alikuwa na jina adimu, ambalo sikuwa nimelisikia popote.

Nilitoka nje hadi kwenye ngazi, nikampigia shangazi simu, nikamtamkia jina hilo la pili. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Nani amekutajia jina hilo?"

Nikamwambia limo kitabuni.

"Huyo ndiye ndugu yake wa manowari," akasema. "Walikaa jahazi moja, chini, wameshikana mikono. Sisi watoto tulimwita Nyanya wa Pili. Wewe hujui kwamba tumekatazwa kuoana na watu wa nyumba ya mwembe?"

Nilijua. Kila mtu katika ukoo wetu anajua kwamba na nyumba ya mwembe hatuoani, na nilipokuwa kijana binamu yangu aliachana na mchumba kwa ajili ya katazo hilo, akalia kwa miezi. Tulidhani ni ugomvi wa zamani wa kiwanja. Kumbe ni udugu. Wasichana wawili wasio na damu moja walifanyana ndugu ndani ya tumbo la jahazi, na wajukuu wa wajukuu wao wameshika mwiko huo kwa zaidi ya miaka 130 bila kukumbuka ulitoka wapi. Nilikaa kwenye ngazi zile, watu wakinipita, nikaandika maneno ya shangazi kama alivyoyasema, na saa aliyoyasema.

Kabla ya kufungwa kwa chumba nilituma pia maombi Uingereza. Barua ambazo wamisionari waliandikia makao yao makuu London zimehifadhiwa leo katika maktaba ya Cadbury ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Za kabla ya mwaka 1880 ziko chini ya alama C A5, na za baadaye chini ya G3 A5. Inaniuma kwamba sehemu kubwa ya habari zetu iko umbali huo, ambako mjukuu wa Kisauni hawezi kufika kwa matatu, na naamini kwa dhati kwamba nakala kamili za kidijitali zinapaswa kuwekwa Mombasa, mahali pa wazi, bila malipo. Jioni nikapanda treni.

Siku ya saba, Jumatano: ukurasa ule ule

Karani wa parokia alinitolea kitabu kile bila kuniuliza. Safari hii sikutafuta jina la mama yake babu. Nilitafuta lile adimu. Nililipata karibu na katikati ya kitabu, na mstari uliokuwa juu yake ulikuwa wake, mmoja wa wale tisa. Namba mbili zinazofuatana, tarehe moja, kasisi mmoja, mistari miwili mlalo mahali pa wazazi. Wote wawili walipewa jina moja la ukoo la Kiingereza, pengine la mfadhili aliyechangia chakula chao, na ndilo lililonipoteza siku ya pili, kwa kuwa babu aliliacha na sisi hatukuwahi kulisikia. Ukurasa huo nilikuwa nimeupitia Ijumaa. Kidole changu kilikuwa kimepita juu ya jina lake.

Alasiri shangazi alituma mtoto nyumba ya mwembe. Akaja mama mmoja wa makamo, mjukuu wa Nyanya wa Pili, akiwa na mfuko wa plastiki wenye picha tatu na cheti cha shule. Niliwasomea ukurasa polepole, kwanza Kiingereza kama ulivyo, kisha Kiswahili. Mgeni aliniomba nirudie namba zile mbili, nikarudia. Kisha akamshika shangazi mkono, wakakaa hivyo bila kusema.

Nilipoanza kufunga daftari shangazi alinizuia. Alisema kitabu cha kanisa kina waliobatizwa tu, na mama yake babu alizaa wengine waliokufa kabla ya siku ya ubatizo, ambao yeye alifundishwa majina yao na nyanya wakipepeta mchele, na hakuna karatasi yoyote duniani inayowajua. Mama wa nyumba ya mwembe akasema hata kwao wapo. Wakasogeza viti karibu na meza.

"Andika," shangazi akasema, akaanza kutaja.